Faida milioni 42, benki milioni 3: fedha za kituo chetu zimekwenda wapi?

SWALI: Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha kanisa, Kanda ya Ziwa, Tanzania. Mhasibu wetu amefunga hesabu za mwaka na zinaonyesha faida ya shilingi milioni 42. Siku hiyohiyo benki tulikuwa na milioni 3, na mishahara ya mwezi, ambayo ni milioni 16, ilikuwa haijalipwa. Bodi wanauliza nani amekula hela. Mhasibu anaapa hakuna aliyekula, ila akieleza hatumwelewi. Mwenyekiti anataka tukope benki. Wauguzi wetu watatu wanalipwa na serikali, wengine wote tunawalipa sisi. Nimekuambatanishia mizania ya miaka miwili. Nieleze kwa lugha ya mtu wa wodini, hesabu niliachana nazo kidato cha nne.

JIBU: Daktari, pole na kazi. Nimezisoma hesabu zako, na inaonekana mhasibu anasema kweli kwa sehemu kubwa. Ila bodi nao hawajakosea kuuliza, kwa sababu ile milioni 42 yenyewe siiamini, na nitakueleza kwa nini. Kwanza tuitafute fedha.

Kituo chako kinaandika mapato siku huduma inapotolewa. Mama wa bima akija leo, akapimwa, akapewa dawa na kutia saini fomu, bili yake inaingia kwenye mapato ya leo, hata kama mfuko wa bima utalipa baada ya miezi miwili. Wahasibu huuita huo msingi wa malimbikizo. Njia nyingine ni msingi wa fedha taslimu, ambapo unaandika kile tu kilichoingia mkononi. Zahanati ndogo ya wagonjwa wanaolipa papo kwa papo inaweza kuishi na njia hiyo ya pili bila shida kubwa. Kituo kama chako hakiwezi, maana sehemu kubwa ya mapato yenu ni ya bima. Kwenu huko mkulima wa pamba analijua jambo hili vizuri: mzigo umepimwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, karatasi ya uzito anayo mfukoni, lakini ada ya mtoto haijalipwa. Mavuno yapo. Hela haipo.

Sasa chukua mizania zako mbili, zile karatasi zinazoorodhesha mali na madeni ya kituo siku ya mwisho ya mwaka, uziweke pamoja, ya mwaka juzi kushoto na ya mwaka jana kulia. Anza na faida, milioni 42. Ndani ya matumizi yenu mna uchakavu wa majengo na vifaa, milioni 18. Hiyo ni gharama ya kweli, ila hakuna aliyelipwa hata senti, kwa hiyo irudishe: 42 na 18 ni 60. Mngekuwa na milioni 60 za ziada benki. Halafu tazama mstari wa wadaiwa. Mwaka ulianza mifuko ya bima ikidaiwa milioni 38, ukaisha ikidaiwa milioni 83. Milioni 45 zimehamia huko. Zilizobaki ni 15. Shuka kwenye dawa na vifaa tiba: stoo ilikuwa na mali ya milioni 14, sasa ina ya milioni 26. Milioni 12 zimelala kwenye rafu, zimebaki 3. Mlinunua mashine ya ultrasound kwa fedha taslimu, milioni 22. Hapo tayari mko chini kwa milioni 19. Kilichowaokoa kidogo ni wauzaji wa dawa: mlikuwa mnadaiwa milioni 9, sasa mnadaiwa 17, maana yake mmetumia milioni 8 za watu. Toa 19, ongeza 8, fedha zenu zimepungua kwa milioni 11. Mwaka mlianza na milioni 14 benki. Kumi na nne toa kumi na moja ni tatu.

Ndiyo hiyo milioni 3. Hesabu hii niliyokufanyia inaitwa taarifa ya mtiririko wa fedha, na mhasibu wako anatakiwa aiweke kwenye taarifa za mwaka pamoja na mizania na taarifa ya mapato na matumizi. Kwenye kabrasha ulilonitumia haipo. Mwambie aiandae, na kwenye kikao mpe bodi ukurasa huo kabla ya mwingine wowote. Nusu ya zogo litakwisha hapo.

Nusu tu, lakini. Hesabu zikilinganishwa hivyo zinaonyesha kwamba vitabu vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Hazithibitishi kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea, na hapo ndipo ninapoishuku milioni 42.

Rudi kwenye milioni 83. Taarifa yako ya mapato inasema bima ziliingiza milioni 288 kwa mwaka, yaani milioni 24 kwa mwezi. Ukigawanya 83 kwa 288 na kuzidisha kwa 365 unapata siku 105. Kwa wastani, bili ya leo mnalipwa baada ya miezi mitatu na nusu. Mwaka juzi hali haikuwa hivyo, na mifuko yenu ni ileile. Kuna kitu kimeganda.

Mwagize mhasibu akupangie madai yote kwa umri: yaliyo chini ya siku 30, ya siku 31 hadi 60, 61 hadi 90, na yaliyozidi 90. Jedwali hilo lisikuchukulie zaidi ya siku mbili kulipata. Likichukua wiki mbili, basi hilo nalo ni jibu. Tuseme inatoka hivi: milioni 24, 23, 14 na 22. Zile tatu za kwanza hazinitishi sana. Hiyo 22 ya mwisho ndiyo nataka uifungue faili moja baada ya jingine, kwa sababu kwa kawaida dai la zaidi ya siku 90 halisubiri kulipwa. Limekatwa, barua ya makato imekuja, ikawekwa kwenye faili la barua, na kwenye leja hakuna aliyegusa kitu.

Makato hayaanzii kwa mhasibu. Yanaanzia kwako na kwa watu wako. Chukua fomu moja: mtoto kaja na homa, daktari kaandika malaria, kaandika dawa mseto, famasia wametoa. Kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) kimefanyika na kimetozwa, lakini majibu hayakuandikwa popote. Mkaguzi wa madai akiifikia fomu hiyo anakata dawa, mara nyingine anakata na kipimo. Fomu inayofuata haina saini ya mgonjwa. Inayofuata ina dawa ya ngazi C, na ninyi kituo cha afya mko ngazi B kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa. Nyingine utambuzi wa ugonjwa hauendani na dawa, kwa sababu mgonjwa alikuwa na matatizo mawili na daktari kaandika moja. Iwe karatasi au mfumo wa kielektroniki, makosa ni yaleyale. Huduma mmetoa kweli, dawa imetoka stoo kweli, mshahara wa aliyehudumia umelipwa kweli. Mapato ndiyo hayapo.

Ukishafungua hilo fungu la milioni 22, ligawe. Yale ambayo barua ya makato imekuja na muda wa kupinga umepita, yafute kwenye wadaiwa. Yatoe pia kwenye mapato. Watu wengi hufuta upande mmoja tu, au huyaacha yakae miaka kwa kuogopa sura ya hesabu. Yale yanayobishaniwa bado, weka makadirio ya kutolipwa, nusu au zaidi kulingana na uzoefu wenu na mfuko huo. Kwa mfano milioni 13 zikiwa zimekufa na 9 ziko kwenye ubishi, futa 13, tenga 4.5. Faida yako inashuka kutoka 42 hadi 24.5. Madai mengine huenda ni ya miaka ya nyuma zaidi, na hapo mkaguzi wa nje atawaelekeza namna ya kuyaweka, lakini wazo halibadiliki: mapato ya kituo cha afya ni kile mnachotarajia kulipwa baada ya makato. Bei iliyoko kwenye bili ni ombi.

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu mhasibu asiandike bili nzima akasahau. Angalia miezi 12 iliyopita kila mfuko umekata kiasi gani katika kila shilingi 100, na atoe kiasi hicho mwezi uleule mapato yanapoandikwa. Kama mfuko fulani hukata 6 katika 100, kila milioni 10 unayouandikia ni milioni 9.4. Bodi ikizoea kuiona tarakimu hiyo haitashtuka mwisho wa mwaka.

Kuhusu umri wa madai, usidhani mfuko wa umma haufi. Kenya, mfuko wao wa taifa wa bima ya afya (NHIF) uliondoka ukaipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) tarehe 1 Oktoba 2024, na hospitali nyingi zikajikuta zinashika madai ya mabilioni ya shilingi dhidi ya mfuko ambao haupo tena. Waliokuwa na orodha safi, fomu kwa fomu, tarehe kwa tarehe, walikuwa na cha kupeleka kwenye uhakiki. Nawe ukiulizwa leo ni nani anakudai na nani unamdai, jibu lisiwe tarakimu moja ya jumla.

Sasa lile swali la nani amekula. Wewe si mhasibu, na hapo una faida juu yake, kwa sababu unavijua vitabu ambavyo yeye hajawahi kuvifungua. Chukua Kitabu cha 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), cha wodi ya wazazi. Hesabu waliojifungua mwezi mmoja, mwezi wowote, usimtangazie mtu. Kisha mwombe keshia risiti za kujifungua za mwezi huo na mhasibu fomu za bima za kujifungua za mwezi huohuo. Jumlisha. Tuseme kitabu kina akina mama 61, risiti ni 27 na fomu 25. Hao 9 waliobaki wako wapi? Wengine watakuwa wamesamehewa, na msamaha uwe na karatasi yenye saini yako. Wengine waliahidi kulipa wakaondoka, na hao wawe kwenye daftari la wadaiwa binafsi. Aliyebaki bila karatasi yoyote, huyo ndiye wa kuulizia. Fanya hivyohivyo kwa rejesta ya maabara na kwa Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje. Wizi wa kituo cha afya kwa kawaida haupiti benki. Mgonjwa hulipa bila kupewa risiti, na kila kitu kinachofuata kwenye vitabu kinaonekana safi.

Dawa nazo zina mlango wao. Hiyo stoo iliyokua kutoka milioni 14 hadi 26 inanipa maswali mawili. La kwanza, mlinunua nyingi kwa sababu gani, wakati hela ya mishahara haipo? Mara nyingi jibu ni kwamba Bohari ya Dawa ilikosa kitu, mkaenda duka la jumla, muuzaji akawapa punguzo mkichukua katoni nzima. Punguzo la asilimia 10 kwenye dawa itakayokaa miezi tisa na kuisha muda ni hasara. La pili, mali hiyo ya milioni 26 ilihesabiwa na nani? Kama mtunza stoo alihesabu mwenyewe akampa mhasibu karatasi, basi hamjahesabu. Siku ya mwisho ya mwaka aende mhasibu na mtu mmoja wa wodini, wahesabu rafu kwanza ndipo wafungue leja. Dawa zilizoisha muda zitolewe kwenye thamani ya stoo siku hiyohiyo, hata zikisubiri taratibu za kuteketezwa.

Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari lenu la fedha na taarifa ya benki, ufanyike kila mwezi na mtu asiyepokea fedha wala kuandika hundi. Kwenye kituo kidogo watu hawatoshi, najua. Basi usaini wewe, baada ya kuisoma taarifa ya benki mstari kwa mstari. Inachukua nusu saa.

Jambo moja ambalo halimo kwenye hesabu zako kabisa ni wale wauguzi watatu wa serikali. Mishahara yao hailipwi na ninyi, kwa hiyo haionekani. Piga hesabu mngewalipa kiasi gani kwa viwango vyenu, pamoja na michango ya hifadhi ya jamii, kisha toa kwenye ile faida iliyobaki baada ya kufuta madai yaliyokufa. Sitashangaa ukikuta faida imekwisha. Simaanishi muwarudishe. Namaanisha bodi ijue kwamba uhamisho wa watu watatu, barua ya ukurasa mmoja kutoka halmashauri, unaweza kuwatoa kwenye faida mkaingia kwenye hasara bila mgonjwa hata mmoja kupungua. Liandikwe kwenye maelezo ya hesabu.

Vilevile fedha zenye masharti. Kama rafiki wa parokia amewatumia hela ya kujenga kichomea taka, au mnapata chochote kutoka Mfuko wa Pamoja wa Afya kupitia mkataba na halmashauri, hiyo ina kazi yake na taarifa yake. Iwekwe peke yake kwenye vitabu hata kama akaunti ya benki ni moja. Ikichanganywa kwenye mishahara mwezi mmoja wa dhiki, kuirudisha huchukua mwaka, na mfadhili huuliza kabla ya mwaka. Vituo vya serikali vilibanwa kwenye hili tangu fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja vituoni mwaka wa fedha 2017/18 na mfumo wa uhasibu wa vituo, FFARS, ukaletwa: kila matumizi yanaonyesha chanzo chake cha fedha. Ninyi hamlazimiki kutumia mfumo huo kwa fedha zenu, lakini nidhamu yake iigeni.

Kodi nitapita haraka. Huduma za afya zimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na watu hufurahi, wakisahau kwamba VAT mnayolipa kwenye umeme na matengenezo hamwezi kuidai Mamlaka ya Mapato (TRA). Ni gharama, iwekwe kwenye bajeti. Kuwa kituo cha kanisa hakuwaondolei PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, wala hakuwapi msamaha wa kodi ya mapato moja kwa moja. Lazima Kamishna wa TRA awe amewatambua kama taasisi ya hisani. Uliza kama barua hiyo ipo.

Uchakavu nauzungumzia kidogo kwa sababu mwenyekiti wako ataona ni gharama ya karatasi tu. Ultrasound ya milioni 22 ikikadiriwa kudumu miaka mitano, kila mwaka milioni 4.4 zinaandikwa kama gharama. Ikifa mwaka wa sita na hakuna kilichowekwa pembeni, mtaenda kuomba. Kama hali haiwaruhusu kutenga zote, tengeni hata robo kwenye akaunti ambayo mishahara haiigusi.

Bei nazo zina mwenyewe, na si wewe. NHIF ya kwetu Tanzania ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake kwa kutokubaliana na bei. Yeyote aliyekuwa sahihi katika mvutano ule, hospitali iliyoweza kujadiliana ni ile iliyojua huduma fulani inaigharimu kiasi gani. Usihangaike na huduma zote. Chagua kumi zinazotolewa zaidi kwenye kituo chako, na kwa kila moja andika dawa na vitendanishi vinavyotumika, dakika za watumishi, na sehemu yake ya umeme, usafi na ulinzi. Utakuta moja au mbili mnazitoa kwa hasara kila siku. Pengine mtaendelea kuzitoa, ninyi ni kanisa, lakini mtakuwa mmeamua.

Nimalizie na mkopo wa mwenyekiti. Matumizi yenu ya fedha taslimu ni milioni 420 kwa mwaka, ukiondoa uchakavu, yaani kama milioni 1.15 kwa siku. Milioni 3 benki ni siku mbili na nusu za kuendesha kituo. Naelewa kwa nini ameogopa. Lakini mkopo wa kulipa mishahara huku madai ya zamani yameganda na stoo imevimba utaisha miezi miwili, na riba itabaki. Kabla ya kwenda benki simamisheni ununuzi wa dawa isipokuwa zile zinazokaribia kwisha, mkatumie kwanza zilizopo. Hapo peke yake mnaweza kupata milioni 8 hadi 10 ndani ya robo mwaka bila kumwomba mtu. Zungumzeni na wauzaji wawili wakubwa mnaodaiwa nao, wapeni ratiba ya malipo iliyoandikwa. Muuzaji anayelipwa kidogo kila mwezi kwa uhakika huvumilia kuliko anayepigiwa simu za ahadi. Madai ya mwezi yapelekwe tarehe ileile kila mwezi, na kila fomu ipitiwe na mtabibu mmoja kabla haijatoka. Mteue kwa barua na mpunguzie zamu, vinginevyo kazi hiyo itafanywa saa nne usiku kwa macho yaliyochoka.

Mkishafanya hayo na pengo bado lipo, mkopo wa muda mfupi unaweza kuwa na maana, mradi kiwango chake kipimwe kwa madai yaliyo chini ya siku 60 ambayo mfuko umekiri kuyapokea. Usipimwe kwa ile milioni 83, na afisa mikopo mzuri ataliuliza hilo mwenyewe. Na kwenye lile faili la barua za makato, tafuta kwanza zile ambazo muda wa kupinga haujapita kwa mujibu wa mkataba wenu. Hizo anzeni nazo wiki hii, kabla hata ya kikao cha bodi.